Mabawa Yasilowe

Kule mto Atrato, mtoto mchanga aliyebatizwa akifa haombolezwi. Ni malaika huyo. Huchezewa ngoma, hupitishwa mkono kwa mkono, na mama yake akidondosha hata chozi moja, mabawa ya mwana yatalowa ashindwe kupaa. Aliyetunga sheria hiyo simjui, ila hakuwahi kuzaa. Asiyebatizwa huitwa Mmoro, huzikwa kimya bila wimbo, na mama yake huruhusiwa kulia.

Nereida hakuwa amelia tangu alfajiri, mwanawe alipokufa. Eliécer wake, wa siku tatu, alikuwa akipita juu ya vichwa vya wanawake, amevikwa mabawa ya karatasi. Padri aliyepita mwezi jana aliwakemea: malaika hawajapata kuwa watu, acheni uzushi! Wakamwitikia, "Ndiyo, Padri," wakaendelea na yao. Kwa Nereida, malaika walikuwa wale wa mgongoni mwa mwanawe, vinywele laini alivyovipapasa jana akinyonyesha.

Alimvuta Bibi Basilisa, mama wa ubatizo aliyebatiza vichanga padri asipokuwepo, hadi jikoni.

"Bibi, ulipommwagia maji alikuwa hai?"

"Swali gani hilo? Si alikunja uso!"

"Alikunja mwenyewe, au ulimkunja wewe?"

"Una ulimi, mtoto wewe! Maji yakimwagika hayazoleki. Twende, watu wanatungoja."

"Niambie kweli. Kama hakubatizwa, niache nilie. Nimejaa, Bibi. Nitapasuka."

Bibi Basilisa aliinamia ndoo.

"Nilichelewa, mwanangu. Mtumbwi ulikwama kwenye mchanga. Nilipofika alikuwa ameshapoa. Nilisema uongo ili upate malaika."

Ruhusa ndiyo hiyo, imepatikana. Nereida akafungua mdomo. Huko sebuleni wanawake walikuwa wakimwimbia Eliécer, wakimtaja jina, wakimsifu kwa uzuri. Akilia yeye, ngoma itanyamaza, mabawa yatavuliwa, na hakuna atakayemtaja tena.

Akafunga mdomo.

"Alikunja uso," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu."

"Nereida..."

"Nilimwona, Bibi."

Machozi yanayolowesha mabawa ni ya mama peke yake, kwa hiyo Bibi Basilisa alibaki jikoni akalia kwa niaba ya wawili. Nereida aliingia sebuleni, akampokea mwanawe, akacheza, macho makavu. Mkono wake ulikuwa chini ya mabawa ya karatasi, ukipapasa malaika.