Picha Ishirini za Pale Darajani

Mapinduzi yalikuwa yameingia siku ya tatu pale mpelelezi mwenye kofia alipoingia studio asubuhi bila hata hodi. "Nisafishie filamu hii, Bi Picha. Nataka nakala ishirini. Huyu aliyemo ni mchapa vikaratasi vya mapinduzi, anavuka daraja leo adhuhuri, na askari wakimtambua hawatamuuliza jina."

Bi Picha aliingia chumba cha giza, mpelelezi nyuma yake na sigara yake. Filamu ilipokauka, akachapa picha ya kwanza, na chini ya taa nyekundu sura ilijitokeza polepole ndani ya beseni. Paji la uso, kisha koti, kisha kifungo cha juu kisichofanana na vingine, alichokishona yeye mwenyewe kwa mkono wake. Lahaula! Mumewe.

Mwezi mzima walikuwa wamenuniana. "Chagua, mimi au hayo mapinduzi yako," alimwambia, naye akachukua koti akaenda zake. Kiburi cha nini, jamani? Bado alimpenda mtu yule.

Wenye kazi yao wanajua: picha ikitoka dawa ya kwanza, sharti izamishwe kwenye dawa ya kukazia. Usipoikazia, ikipigwa na jua inakuwa nyeusi tii. Beseni la pili Bi Picha alilijaza maji ya bomba.

"Mbona dawa hiyo haina harufu?"

"Afande, na sigara hiyo utanusa nini?"

Mpelelezi akacheka. Bi Picha akazifunga picha ndani ya bahasha nyeusi, eti zisikwaruzike, na filamu akampa ya bwana harusi mmoja. Kwa asiyejua, kwenye filamu watu wote ni wale wale. Ile yenyewe aliichoma mara tu mlango ulipofungwa. Kisha akafunga studio ya miaka kumi na tisa, akavuka daraja, na ufunguo akautupa mtoni.

Adhuhuri jua lilikuwa kali. Toka ng'ambo alimwona askari akichomoa picha, akiitazama, akiipangusa kwa kiganja. Uso ulishazama kwenye weusi.

"Hii ni picha au makaa?" askari akafoka. Foleni ikasogea. Mwenye koti akapita.

Alipomwona mkewe alisimama ghafla. "Wewe! Si uliniambia nichague?"

"Nyamaza, bwana." Bi Picha alimshika ukosi, machozi yakimtoka bila aibu. "Kifungo hiki kimelegea. Nimekuja na sindano."