Video Iliyofungwa kwenye Pindo la Kanga

Jana usiku niliota mdogo wangu Mbwana anakamatwa na polisi kwa kosa la kukutwa na kuku mfukoni.

Tuko mbele ya kibanda chake cha kinyozi, hapa Tanga, jua linawaka. Afande mmoja anafungua gari lao, anatoa kuku mzima, anakuja naye moja kwa moja kwa Mbwana. Jamani, hasira zikanipanda. Nikachomoa simu nirekodi. Nikarekodi pua yangu.

"Geuza kamera, dada," simu ikasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Na usijifiche. Inyanyue ionekane, umwambie."

Nikageuza. "Shikamoo afande, narekodi."

"Marahaba," akajibu, huku anamsokomeza kuku kwenye mfuko wa shati la Mbwana. Akafunga kifungo vizuri. Kisha akashtuka. "Lahaula! Kijana, hiki nini?"

"Dada, nisaidie!" Mbwana akalia. "Wananipeleka jela!"

Nikataka kumrukia yule afande. "Wee, thubutu!" simu ikanikemea. "Rudi nyuma, watasema unawazuia kazi."

Nikarudi nyuma. "Bado," ikasema. Nikarudi tena, nikarudi, mpaka kisigino kikagonga sufuria, nikajikuta jikoni kwa shangazi Mwanamkuu, Korogwe. Nje ya mlango wake namwona Mbwana anatiwa pingu, tena namwona vizuri kuliko mwanzo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Mtumie huyu," simu ikasema. "Unamwamini?"

Namwamini kuliko nafsi yangu. Shangazi akakinga kiganja, simu ikamtemea video, ya moto. Akaipuliza, akaikunja, akaifunga fundo kwenye pindo la kanga, pale anapowekaga funguo zake.

Afande akaingia mbio. "Lete simu! Futa hiyo video sasa hivi!"

"Viatu!" shangazi akafoka. "Huoni nimepiga deki?"

Afande akavua buti. Soksi moja ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Akanywea kidogo.

"Nifute tu, afande," simu ikasema. "Nyingine iko pindoni. Na fundo hilo hata marehemu mumewe hakuwahi kulifungua."

Afande akalitazama fundo. Akakitazama kidole chake. Akatoka vilevile na soksi, akamfungua Mbwana kifungo, akamtoa kuku, akamfungua na pingu.

"Samahani kijana," akasema. "Nilichanganya mifuko."

Kuku akapanda gari mwenyewe, akakaa mbele. Mbwana akaja mbio akanikumbatia shingoni mpaka nikakosa pumzi. Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Mzigo ulionitoka kifuani siwezi kuueleza.

Nikaamka mto umelowa machozi. Upande wa pili wa ukuta Mbwana anakoroma. Kila siku nampigia kelele kwa mkoromo huo, lakini leo nilikaa kitandani nikausikiliza wote, alhamdulillahi.

Nikachukua simu kuangalia saa. Video hakuna. Kulikuwa na ujumbe wa shangazi tu, ameutuma alfajiri:

"Mkono wako ulikuwa unatetemeka mwanangu, lakini hukuzima. Muache Mbwana alale."