Hajja Inshirah na Vitamini za Jumapili

Hajja Inshirah alianza kushuku mambo siku mkaza mwanawe alipomsifia mulukhiya, ule mchuzi wa majani ya mlenda.

Kwa miaka kumi na miwili yeye na Shahinaz walikuwa wakigombana kwenye jiko moja, ghorofa ya tatu, nyuma ya stesheni ya Damanhur huko Misri, na hakuna aliyewahi kushinda. Kitunguu saumu kikizidi, ugomvi. Kikipungua, ugomvi. Sasa ghafla Shahinaz alikuwa mpole hadi anatisha. "Mulukhiya yako leo tamu kweli, mama," alisema, macho yakakimbilia kwenye sinki. Mulukhiya ile ilikuwa majimaji na haina chumvi, na aliyeipika alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Hapo ndipo Hajja alipojua kwamba anakufa. Au walau kwamba watu wa nyumba hii wanadhani anakufa.

Mwezi uliopita aliotwa na uvimbe shingoni, chini ya sikio, mgumu kama zeituni bichi, wala hauumi. Akakatwa kinyama kidogo, kikapelekwa maabara. Majibu walikwenda kuyachukua wanawe wawili, Wagdi na Ihab, wakarudi na macho mekundu na kilo mbili za basbusa, keki ya sukari na samli. "Tezi zimepata baridi tu, mama," alisema Wagdi. "Jumapili tunakupeleka hospitali ukatundikiwe dripu ya vitamini." Tangu lini baridi ikaletewa kilo mbili za basbusa?

Ndivyo walivyo watu wa kwao. Ugonjwa wenyewe hautajwi, huitwa "ule" basi, na wa mwisho kuambiwa ni mgonjwa. Hajja naye alimfanyia hivyohivyo marehemu mumewe. Alimdanganya miezi minne kwamba ni gesi tumboni, na mpaka leo hajui kama mzee wa watu alimwamini au alimwonea huruma tu. Jambo hilo lilimkereketa kila alipopanda kitandani. Akaapa: sindano haiingii kwenye mkono wake mpaka mtu mmoja wa nyumba yake amwambie usoni anaumwa nini.

Alhamisi aliaga kwamba anakwenda sokoni, kwenye kibanda chake cha achari, akaenda moja kwa moja hospitali kwa Dokta Yumna, aliyemkata kile kinyama.

"Hajja! Mbona peke yako?" aliuliza daktari. "Wanao waliniomba nisiseme kitu, lakini ukiniuliza mwenyewe, sikudanganyi."

"Sikuulizi," alisema Hajja, akakaa. "Langu nataka kulisikia nyumbani kwangu. Nimekuja kuuliza habari za jirani yangu. Ana ule wa matezi. Nimemsikia mwanawe akinong'ona kwenye simu bafuni."

Dokta Yumna alimtazama kidogo, akaweka kalamu chini. "Jirani yako huyo ni mtu wa namna gani?"

"Mwanamke mzuri sana. Ana maadui wengi."

"Haya. Ule wa matezi unaitwa limfoma. Ni saratani, na jina lake halimng'ati mtu."

"Yuko peke yake, au wako wengi?"

"Hayuko peke yake. Katika watu mia, mmoja au wawili huupata maishani mwao. Hapa kwetu si mgeni kabisa. Kila wiki napokea wapya."

Hajja alisogeza kiti. Swali lililofuata lilikuwa likimuuma zaidi, maana wanawe walikuwa wameanza kuondoa bakuli la achari mezani kimyakimya. "Umeletwa na nini? Miaka thelathini nimelisha achari mji mzima. Kama ni achari, niambie, nikalale mbele ya treni."

"Usilale popote. Achari haina kesi hapa."

"Na jicho la wifi yangu?"

"Wifi yako simjui. Ninalolijua kwanza ni umri, wengi wamevuka sitini. Kinga ya mwili ikiwa dhaifu, hatari huongezeka. Na ukiwa na ndugu wa damu aliyeugua. Je, jirani aliwahi kupata homa ya ini, ile aina ya C?"

"Aliipata. Alipewa vidonge, akaambiwa imekwisha. Ni sindano zile za kichocho tulipokuwa wadogo. Sindano moja ya kioo, darasa zima. Tulipanga foleni kwa furaha kwa sababu hesabu ziliahirishwa."

"Basi virusi hivyo navyo huongeza hatari. Lakini sikiliza, wengi wana yote hayo na hawaugui, na wengine huugua bila hata moja. Jirani yako hakukosa kitu."

"Katika kumi, wangapi wanabaki?"

"Wa aina yake, wakitibiwa, sita, hata saba, wako hai baada ya miaka mitano. Na wengi katika hao wamepona kabisa."

"Wasipotibiwa?"

Dokta hakutabasamu tena. "Aina hii ina haraka, Hajja. Jirani asiikose Jumapili."

Alishuka ngazi za hospitali akishika ukuta.

Jumamosi jioni Wagdi alikuja kukumbusha vitamini. "Siendi," alisema Hajja.

"Mama, ni vitamini nzuri. Za Uswisi."

"Nitakula machungwa."

Ihab alipiga magoti, akambusu mkono, akaapa kwa vitu vyote vitakatifu kwamba ni baridi tu. Hajja aliwatazama watoto wake, watu wazima wenye vipara, waongo wasiojua kudanganya, na moyo ukamuuma. Alikaribia kukubali. Badala yake akainuka, akaenda jikoni alikobaki mtu mmoja tu mwenye ulimi.

Shahinaz alikuwa akijaza mchele kwenye majani ya kabichi.

"Unafunga mahshi au unafunga vidonda?" aliuliza Hajja.

"Nitarekebisha, mama."

"Mama yako alikufundisha kupaka wanja tu. Jikoni hakukufikisha."

Jani moja likachanika mkononi mwa Shahinaz.

"Na mwanangu amekonda. Anakula kwa jirani, nimesikia."

Sufuria ilitua kwa kishindo. "Basi! Basi, Hajja! Wagdi hakondi, Wagdi halali! Hakuna anayelala nyumba hii! Una limfoma, saratani, haya, nimesema! Na kesho utakwenda, hata nikikufunga kamba kama kondoo wa Idi nikakubeba mgongoni ngazi zote! Unataka kufa uniachie nani wa kugombana naye? Wagdi? Wagdi nikimtukana anaomba msamaha!"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yenye mchele, akaanza kulia.

Hajja alikuwa ameandaa maneno makali ya kutangaza ushindi. Akayaacha, akamfuta mchele shavuni.

"Naogopa, Shahinaz," alisema. "Kesho ukae upande wa mkono wenye sindano."

Shahinaz alizima jiko, akavuta stuli mbili. Walikaa wakaogopa pamoja, bega kwa bega, mpaka Wagdi alipochungulia mlangoni kuuliza kama chakula ki tayari, wakamfukuza kwa sauti moja.