Goti la Dada na Nafasi ya Ishirini na Mbili

Mama Byaombe, jirani yetu wa mkono wa kushoto, anadai kwamba juzi jioni alimwona dada yangu Wabiwa akishuka ngazi za nyuma kinyumenyume, kama mtu anayeshuka mnazi, tena akizungumza na goti lake. Anasema alikuwa anaanua nguo, akaona yote. Dada alifika ngazi ya mwisho, akainama, akaliambia goti maneno mawili matatu, akatazama huku na huku, kisha akashika njia ya bomba la bustani. Habari hiyo Mama Byaombe ameshaifikisha nyumba nne. Kila anapoisimulia, ngazi zinaongezeka.

Sikumwamini. Huyu ndiye mama aliyedai mwaka jana kwamba kangaruu alisimama kwenye sanduku lake la barua akazichambua moja moja, akaacha za bima.

Tena nilikuwa na mzigo wangu mwenyewe. Dada na mimi tunaishi huku Australia, katika mji wa mizabibu kando ya mto, tangu tulipotoka kambi ya wakimbizi miaka sita iliyopita. Kipindi hiki cha baridi tunapogoa mizabibu mchana, na jioni za Jumanne na Alhamisi tunakwenda mazoezini. Mpira wa huku si ule wa nyumbani. Umechongoka pande zote mbili kama yai lisilojua litokee wapi, na unachezwa kwa mikono na miguu. Uwanjani wanaingia kumi na wanane, wanne wanakaa akiba. Jumla ishirini na wawili. Mimi ni wa ishirini na tatu. Msimu mzima nimebeba chupa za maji.

Kila Alhamisi kamati ya watu wanne inakaa mbele ya ubao wa chuma na kupanga timu. Kila mchezaji ana kipande chake cha sumaku chenye jina. Kwa desturi ya klabu, mchezaji mmoja hukaa nao kwa zamu, na wiki hii, wiki ya fainali, zamu ilikuwa yangu. Majina ishirini na moja yalipangwa kabla chai haijapoa. Ubishi ukaangukia la mwisho.

Wawili walimtaka Wabiwa. Walisema ndiye mrefu kuliko wote, ndiye anayeruka katikati mpira unapoanzishwa, na hajakosa mechi hata moja. Wawili wakasema warefu sita tayari wako ubaoni, na mvua inakuja. Warefu wataruka vizuri, mpira utaanguka kwenye matope, na hakuna wa kuuokota. Wanataka mfupi. Mfupi aliyebaki ni mimi.

Kura yangu ndiyo ya kuamua. Nilimkumbusha kocha Merilin kwamba mmoja wa hao wawili ni dada yangu na mwingine ni mimi mwenyewe. Akasema kusoma anajua. Nimtumie jina moja kwa simu, Ijumaa, kabla ya saa moja asubuhi.

Basi nikalala na swali hilo kichwani, na usiku huo huo wa jana likanigeukia ndoto.

Naota nimesimama uwanjani, na uwanja umewekwa juu ya nguzo moja, kama sinia kichwani mwa muuza ndizi. Chini yake hakuna kitu. Kocha Merilin amesimama ukingoni na mfuko wa sumaku. Akiweka sumaku, mchezaji anatokea. Akiweka mrefu, uwanja unainama. Akiweka mrefu mwingine, unainama zaidi.

"Uwiano," anasema kocha, akiandika kwenye daftari. "Nadhani bado kidogo."

Anaweka mrefu wa sita. Machungwa yetu ya mapumziko, yaliyokatwa vipande vinne vinne, yanateremka yote kuelekea kaskazini. Mzee anayepiga mistari ya chokaa anateremka nayo, ameketi, amekunja mikono. Ananisalimu anapopita. Namwitikia.

Kamati imekaa golini. Kamati ni zile nguzo nne za goli: mbili ndefu katikati, mbili fupi pembeni. Nguzo ndefu ya kulia imevaa miwani.

"Tunaanza na dua au na lawama?" inauliza.

"Lawama," zinajibu nguzo fupi.

Nguzo fupi zinaeleza kwamba zimechoka. Mpira ukipita katikati ya ndefu, watu wanaruka na kukumbatiana na kuandika sita. Ukipita kwao, watu wanakohoa na kuandika moja. Nguzo ndefu zinajibu kwamba hayo si maonevu, ni maumbile.

"Mrefu ni mrefu hata akilala," inasema ile yenye miwani.

"Na akilala, wewe ndiye utakayemwamsha? Huwezi hata kuinama."

Ndefu zinajaribu. Kweli haziwezi.

Natembea kufuata mteremko kwa sababu kila kitu kinakwenda huko. Kule chini kabisa, kwenye dimbwi, naukuta mpira umelala ubavu.

"Shikamoo," nausalimu, maana umechakaa.

"Marahaba. Umeleta maji?"

Naumiminia. Unasema umeanguka hapo tangu mwezi wa tano. Wachezaji warefu wanaurukia vizuri sana, hauna neno nao, wanaupiga ngumi kule juu unashuka. Lakini ukishuka hauna mwenyeji. Unasikia miguu ikipita, unasikia watu wakiitana majina, hakuna anayeinama. Sheria iko wazi, unasema: mrefu haruhusiwi kuinama.

Nainama niuokote. Kipenga kinalia. Refa ni kasuku mweupe mwenye kishungi cha njano, wale wanaokula zabibu zetu, na amesimama juu ya chupa yangu.

"Mbeba maji hagusi mpira," anasema.

"Nataka kuutoa kwenye dimbwi tu."

"Umesajiliwa?"

"Mimi ni wa ishirini na tatu."

Kasuku anahesabu kwa vidole vya mguu mmoja, anaishia vinne, anaanza upya. Kisha anasema namba hiyo haipo, na kwa hiyo niondoke mahali nisipokuwepo.

Ghafla tuko jikoni kwetu, lakini nyasi ni zile zile. Mama Byaombe yuko kwenye jiko anasonga ugali. Hapa hakuna kurushiana wala kupokezana, sheria ya mpira ni lazima upige kwa ngumi, kwa hiyo ananipa sahani kwa kuipiga ngumi. Naidaka. Nikidaka, kila mtu anasimama kimya, hata mvuke wa ugali. Ndiyo sheria pia.

"Binti," anasema bila kusogeza midomo, kwa kuwa haruhusiwi kusogea, "mimi nilikwambia kuhusu goti."

"Ulisema ngazi kumi na mbili, mama. Ngazi zetu ni nne."

"Ngazi achana nazo."

Mlango wa jikoni unafunguka. Si mlango tena, ni lile lango la pembeni ya uwanja, ambapo mchezaji mmoja hutoka na wa akiba akaingia. Wabiwa anatoka, jasho linamtiririka. Kasuku ananiambia niingie.

"Kanuni ni moja," anasema. "Anayetoka na anayeingia wanabadilishana. Kocha wenu hudhani ni nafasi tu. Kusoma anajua, lakini hamalizi ukurasa."

Tunapishana, bega kwa bega. Bega langu linamgusa kiwikoni, kisha la kwake linanigusa mimi kiwikoni.

Mimi ndiye mrefu. Naziona nguzo kwa juu, zina vumbi. Naona paa la nyumba yetu, naona mto, naona mbali zaidi kuliko inavyowezekana: turubai za kambini, foleni ya bombani, na dada akiwa na miaka kumi na mmoja, mimi mgongoni na ndoo kichwani. Watoto wanamfuata wakimwita Mlingoti. Anatembea amekunja shingo ili apungue. Hilo sikuwahi kuliona, kwa sababu nilikuwa nyuma ya shingo.

Napiga hatua mguu wa kushoto, na moto unapanda mpaka kiunoni.

"Karibu," linasema goti. "Wewe si mwenyewe."

"Mimi ni Feza. Mdogo wake."

"Yule wa maji?"

"Ndiye."

Goti linasema linanifahamu. Mechi ya kumi na moja lilipinda upande ambao magoti hayapindi. Wabiwa akasimama, akacheka, akanyoosha kidole gumba. Nikamkimbilia na chupa.

"Ulimuuliza yeye kama yuko salama," linasema. "Mimi hukuniuliza."

Nilidhani mimi ni mtu wa kuona. Kocha anasema hivyo, kwamba Feza hakosi kitu. Naliuliza goti kwa nini dada hakusema.

"Umeona mwenyewe wanavyomwita kule. Siku ya kwanza aliposimama kwenye uwanja huu, watu walitazama urefu wake wakapiga makofi. Ana miaka ishirini na minne, hakuwahi kupigiwa makofi kwa jambo hilo. Mimi ni goti. Ningesema nini mbele ya makofi?"

"Jumamosi akiruka?"

"Nitaruka naye mara tatu," linasema goti kwa utaratibu, kama mtu anayetaja ratiba ya basi. "Mara ya nne yeye atashuka. Mimi nitabaki juu."

Kule chini kuna mtu anacheka. Ni Wabiwa, yuko ndani ya mwili wangu mfupi. Ameinama, ameuokota mpira kutoka kwenye dimbwi, anakimbia nao, kila hatua kumi na tano anaudundisha, na haumponyoki. Uwanja unaanza kuinuka. Machungwa yanasita. Mzee wa chokaa anapita tena, safari hii akipanda, bado amekunja mikono. Kisha kila kitu kimetulia, sinia liko sawa, maji kwenye chupa hayainami huku wala huku.

"Feza!" dada ananiita kwa sauti yangu. "Mbona huku chini kuna vitu vingi hivi? Kumbe wewe unaona yote haya, na unakaa kimya?"

Nguzo nne zinaegemea mbele. Kocha Merilin amesimama na sumaku tupu, isiyo na jina, na kalamu.

"Jina," anasema.

Najua jina. Uwanja uko sawa, kila mtu anaona. Nafungua mdomo nitaje langu, lakini mdomo si wangu, ni wa dada, na umezoea jina moja.

"Wabiwa," unasema.

Uwanja unainama mara moja. Machungwa yanaondoka. Mzee wa chokaa ananiaga.

"Mwongo," linasema goti, bila hasira. "Haya. Shika ushahidi, usije ukasema ni ndoto."

Linanipa kitu kwa kukipiga ngumi kiganjani, kwa mujibu wa sheria, nami nafumba mkono. Nafumba kwa nguvu kwa sababu sote tunateremka.

Niliamka mkono ukiwa bado umefumbwa.

Kulikuwa kumekucha, mwanga wa kijivu ulikuwa umepita chini ya pazia, na mvua ilikuwa imeanza. Nilikaa kitandani nikaufungua mkono kidole kwa kidole. Kiganjani mlikuwa na njegere moja. Ya kijani, na baridi bado. Nilipoibonyeza, katikati yake ilikuwa barafu.

Sisi hatuli njegere. Dada hazipendi tangu kambini, anasema zina ladha ya foleni.

Nikatazama sakafuni. Kulikuwa na nyingine kando ya kandambili zangu, nyingine mbele yake, nyingine tena, mstari mzima ukivuka chumba mpaka kitandani kwa Wabiwa. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, macho wazi, mguu wa kushoto juu ya mto. Juu ya goti alikuwa ameweka mfuko wa njegere za friza uliopasuka kona. Goti lilikuwa limejaa kama papai.

Hakujaribu kulifunika. Alitazama mkono wangu, kisha akatazama simu yangu pale mezani. Ilikuwa imewaka. Kocha Merilin haandiki maneno mengi. Aliandika: *Jina?* Ilikuwa saa moja kasoro dakika nane.

Nilitaka kumwuliza. Si yeye, goti. Lakini asubuhi halikuwa na mdomo, lilikuwa goti tu, limevimba, na juu yake mkono wa dada uliokuwa ukinishika nilipokuwa sijui kutembea.

"Feza," akasema polepole. "Mdogo wangu. Niwekee Jumamosi hii moja. Moja tu, halafu nitakaa hata mwaka mzima."

Mvua ikaongezeka kwenye bati. Simu ikatetemeka mara ya pili, ikajisogeza kidogo juu ya meza.

Nilishuka kitandani, nikaandika *Feza*, nikatuma. Niliinama, nikaanza kuziokota njegere, moja baada ya nyingine.