Pasi Iliyokufa

Tangu nyumba yetu iingizwe umeme, mume wangu Shomari anajiona Bwana DC. Kanzu ya Ijumaa anaipiga pasi mwenyewe, eti mimi mambo ya kisasa siyawezi. Ijumaa iliyopita umeme ukakatika. Akaiacha pasi juu ya kanzu, akatoka barazani kulalamika. Nikachomoa waya ukutani, nikaiweka pasi kando.

Umeme uliporudi, akaingia mbio, akaigusa.

"Arafa, pasi imekufa!"

Kabla sijafungua kinywa, keshaikimbiza kwa fundi.

Akarudi amenywea.

"Fundi kasemaje?"

"Pasi nzima. Kaniuliza kama niliichomeka."

Nikamkabidhi kanzu, nimeshainyoosha kwa pasi yangu ya makaa.

"Ningeiacha pasi ulipoiacha wewe, leo ungeswali na tundu mgongoni."