Usubi wa Chawia

Mimi ni mtu wa wadudu. Watu wa Voi wakiniuliza kazi yangu ndivyo ninavyowajibu, wanacheka, nami nimezoea. Naitwa Elly Nyongesa. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya reli kutoka magharibi, na babu yangu nilimkuta akitembezwa na binti zake, kila mmoja na zamu yake. Macho yake yaliharibiwa na inzi wadogo weusi wa mtoni, zamani hizo, kabla mito ya kwetu haijatiwa dawa na inzi wakaisha. Inzi hao wakikuuma wanakuachia minyoo mwilini, ngozi inawasha miaka na miaka, na mwisho macho yanazimika.

Kwa hiyo ofisi ilipotaka kujua kama vijito vya milima ya Taita vina inzi hao, kazi hiyo niliiomba mwenyewe. Na niseme ukweli: nilitaka wapatikane. Tayari nilikuwa naliona jina langu kwenye ripoti.

Fomu ya maswali niliiandika mimi. Mkubwa wangu, Donald, alitaka Kiswahili kizuri, basi nikatafuta kijitabu cha Tanzania ambamo ugonjwa huo unaitwa usubi, nikaandika swali la kwanza: "Je, kuna usubi katika nyumba hii?" Nililipenda swali hilo, fupi na safi. Nikapanda nalo hadi Chawia, huko milimani, nyumba sabini, na sitini na moja zikajibu ndiyo. Wengine walijibu hata sijamaliza kuuliza.

"Usubi? Uko mwingi," mzee mmoja aliniambia. "Chukua mwingine uende nao Voi."

Nilicheka, nikaandika ndiyo.

Katika nyumba mojawapo nilimkuta nyanya Kasiva, mama wa Kikamba aliyeolewa Chawia tangu usichana wake. Alikuwa hajaona vizuri kwa miaka minne. Nilimsomea swali, akajibu kwamba usubi upo, tena siku zote. Sikumwangalia machoni, niliangalia fomu.

"Basi nyanya, kinachokuzima macho ni usubi huo," nikamwambia. "Dawa yake ni vidonge. Vitaletwa."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kunibariki. Nilishuka mlima nikiwa nimevimba kichwa.

Wiki iliyofuata, Jumapili, binti yake akanipigia simu. Anaitwa Wanza, ndiye anayekaa na mama yake.

"Elly, madaktari wa macho wanakuja Voi Alhamisi. Wanapasua bure, na wanakuja mara moja tu kwa mwaka. Nilishamwandikisha mama, sasa amekataa kwenda. Anasema yeye ana usubi, ameambiwa na mtu wa serikali, anangoja vidonge. Una hakika na hiyo maneno?"

"Nina hakika," nikasema haraka. Halafu nikaongeza: "Lakini kesho nakuja kuangalia inzi wenyewe."

Kumkamata inzi wa mtoni hakuhitaji akili nyingi. Unakunja suruali hadi magotini, unakaa kando ya maji na kichupa mkononi, unangoja atue mguuni, unamfunika kabla hajauma. Mguu ndio chambo. Nilikaa Jumatatu nzima na Jumanne asubuhi, nikapata kumi na wanne. Hadubini yangu ndogo niliiweka juu ya jiwe, nikamtazama kila mmoja, mabawa na miguu, kisha nikawapasua kwa sindano kutafuta minyoo. Hawakuwa na minyoo, na hawakuwa wa aina ile ya babu yangu.

Kilichobaki ni kaa. Wale inzi wa kwetu wana tabia ya ajabu: watoto wao hukua wakiwa wameng'ang'ania mwili wa kaa wa mtoni. Ukitaka kujua kama wapo, mgeuze kaa. Niligeuza kaa arubaini, vidole vikaniwaka kwa kubanwa. Wote walikuwa safi kama sahani zilizooshwa. Watoto wa inzi wa Chawia walikuwa kwenye majani na mawe, kama inzi wengine wasio na kesi na mtu.

Niliudhika. Naona haya kuandika hivyo, lakini niliudhika kwamba ugonjwa haupo. Nikajiambia nyumba sitini na moja haziwezi kudanganya, labda sijageuza kaa wa kutosha.

Mchana Wanza akaniletea ndizi mbivu kwenye sinia. Alipofika aliliweka chini, akavua leso begani akawa anaipunga juu ya ndizi.

"Ngoja kwanza nifukuze usubi."

Vijidudu vidogo, vile vya matunda yaliyoiva, vikaruka.

"Umesema nini?"

"Usubi. Si hawa? Kwani nyinyi huko Voi mnawaitaje?"

Nilikuwa nakumbuka nyumba moja moja, na katika kila nyumba mkungu wa ndizi. Zile tisa zilizosema hapana labda hazikutaka mgeni afikiri ni wachafu.

Tulipanda pamoja. Nyanya Kasiva alikuwa barazani anapukuchua maharagwe kwa kupapasa. Nilichuchumaa mbele yake na kwa mara ya kwanza nikayatazama macho yake. Katikati ya kila jicho kulikuwa na weupe kama wa maziwa.

"Nyanya, ngozi yako imewahi kukuwasha miaka mingi, bila kupumzika?"

"Ngozi yangu haina shida. Ni wewe kijana wa vidonge? Umevileta?"

"Sikuvileta. Hakuna vidonge. Nilikosea neno, nyanya. Mimi niliuliza ugonjwa, wewe ukanijibu wadudu wa ndizi."

Mikono yake ikasimama.

"Lakini ulimwambia Wanza una hakika."

"Nilisema bila kukutazama. Inzi wabaya hawako hapa, nimewatafuta siku mbili. Mimi si daktari, ila hiyo nyeupe inafanana na mtoto wa jicho, na huyo hutolewa. Nakuomba uende Alhamisi."

Wanza alikuwa ameuma ncha ya leso.

"Nami nilikuombea kwa Mungu," nyanya akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi. Kisha akarudi kwenye maharagwe yake. "Wanza, nitafutie viatu vyangu vya kanisani."

Alhamisi alipasuliwa jicho la kulia. Ijumaa asubuhi nilisimama mlangoni mwa wodi, nikiona aibu kuingia, muuguzi alipobandua pamba. Nyanya Kasiva alipepesa, akatazama dirisha, akatazama vidole vyake. Halafu akamgeukia binti yake, akamkazia macho mpaka Wanza akaanza kutabasamu.

"Wanza," akasema, "ni lini uliota mvi?"

Wanza alicheka, akagusa kichwa chake, kisha akalia. Nilitoka nje hadi kwenye kivuli cha ukuta. Donald alikuwa bado anazo fomu za zile nyumba sitini na moja mezani kwake, maana nilikuwa sijathubutu kumwambia. Nikampigia simu, nikamwambia azitupe.