Nusu Gia ya Tatu

Madereva wenzake walimwita Nusu Gia. Lori lake lilikuwa na gia kumi na nane za mkono: gia tisa nzima, kila moja imekatwa vipande viwili kwa kibonyezo kidogo kwenye kirungu cha gia, ili tani thelathini zipande mlima bila injini kuhema. Wengine waliona uvivu kuhangaika na kibonyezo kile, wakaruka gia nzima nzima huku injini ikilia. Yeye alipangua gia, akizishusha nusu nusu, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi amebeba mtoto aliyelala.

Mkewe, fundi cherehani, hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Lakini mwulize habari za ule mlima uliokuwa nyuma ya nyumba yao! Miaka ishirini na miwili alikaa dirishani, mguu kwenye pedali, sikio barabarani. Lori la mumewe likifika kwenye kona lilishuka nusu gia mara mbili, kama malori yote yenye mzigo. Kisha, mita chache kabla ya kilele, lilishuka nusu ya tatu. Hiyo haikuwa na kazi yoyote, mlima ulikuwa karibu kwisha. Hiyo ilikuwa ya mke peke yake, na maana yake ni moja: nimefika, fungua geti. Hawakuwahi kuizungumzia, wala mke hakumwambia shoga yake yeyote. Kuna vitu mtu hagawi.

Mke alimpata mumewe siku sita kwa mwezi, saba mwezi ukiwa na huruma. Siku zilizobaki alimtamani. Acha niseme mimi, maana mwenyewe hakuwa akisema: alimtamani mezani, alimtamani kitandani, alitamani hata ule ukorofi wake wa kutupa taulo bichi juu ya kitambaa cha mteja. Watoto walishaondoka, nyumba ilibaki na mlio wa cherehani tu. Na bado kila safari alimsindikiza getini kwa maneno yaleyale, "Safari njema, baba watoto," kama muuza duka anayemuaga mnunuzi.

Sasa tajiri, yaani mwenye malori, alikuwa ananunua lori jipya, na kwa heshima ya miaka akamwachia dereva wake mkongwe achague mwenyewe. Gia za mkono kumi na nane kama alizozizoea, au otomatiki ya gia kumi na mbili, inayojibadilisha yenyewe na isiyo na klachi ya kukanyaga. Jibu lilitakiwa Jumamosi. Daktari naye alikuwa ameshasema lake: goti la kushoto limelika. Likiendelea kukanyaga klachi, mwaka hautaisha kabla halijakataa, na baada ya hapo ni gongo. Likipumzishwa, litafika hata miaka kumi.

"Mama watoto, wewe unasemaje?" dereva aliuliza Jumapili, akifunga kamba za viatu.

Mke alishtuka. Mambo ya lori hakuwahi kuulizwa.

"Ngoja nifikirie," alisema.

Alifikiria, tena alifikiria vibaya. Gia za mkono, mwaka mmoja, mume nyumbani. Otomatiki, miaka kumi mingine ya kusikiliza mlima. Lilikuwa neno moja tu la kusema, na nani angemlaumu? Watu wangesema mke anauheshimu ufundi wa mumewe. Wiki nzima alishona sare za shule neno likiwa mdomoni. Aliona aibu, akalimeza, likapanda tena. Ijumaa asubuhi alikuwa ameshaamua kwamba atasema gia za mkono.

Alasiri akalisikia lori. Nusu ya kwanza. Nusu ya pili. Akasimama, akakung'uta nyuzi magotini. Ya tatu ikaanza, halafu chuma kikakwaruza chuma, injini ikanguruma bila kuvuta kitu, breki za upepo zikatoa pumzi kali. Kisha kimya. Miaka yote ile hakuwahi kumsikia mumewe akikosa gia.

Alitoka mbio, utepe wa kupimia shingoni, ndala moja ikabaki getini. Lori lilikuwa limesimama karibu na kilele, limeshikiliwa na breki tu. Alifungua mlango akamkuta dereva amekumbatia goti kwa mikono miwili, jasho linamchuruzika.

"Klachi haikufika chini," dereva alisema. "Gia ikabaki hewani. Nimewahi breki."

"Na mzigo wote huo ungerudi nao nyuma! Ulipangua ya nini? Mlima si ulikuwa karibu kwisha?"

Dereva alimtazama kwa mshangao. "Si ile ya kwako?"

Mke alikaa kwenye kingazi cha lori, akalia.

"Chukua otomatiki," alisema. "Nilitaka kukuambia gia za mkono, ili goti likurudishe kwangu. Nisamehe. Chukua otomatiki."

"Nilishamwambia tajiri tangu Jumatatu. Gia za mkono."

"Wakati uliniuliza mimi?"

"Niliuliza, halafu nikaogopa. Niliogopa utasema otomatiki." Alipangusa uso kwa kofia. "Mimi siwezi kuliacha lori, mke wangu. Nimejaribu. Nikisimama mbele ya tajiri mdomo unakuwa mzito. Nikaona bora goti liamue, nirudi nyumbani bila kumuaga mtu."

"Urudi na gongo?"

"Hata na gongo."

"Nakutaka nyumbani," mke alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotegemea. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mdomo. "Na goti lako nalitaka."

Gari lilipiga honi nyuma yao. Mguu wa kushoto wa dereva haukuweza tena kukanyaga kitu. Basi mke akazunguka, akapanda, akajibana juu ya kifuniko cha injini kando yake, akanyoosha mguu wake mtupu mpaka kwenye klachi.

"Mguu wa cherehani huo," dereva alisema. "Kanyaga mpaka mwisho."

Alikanyaga. Dereva akaweka gia ya chini kabisa, ile ya kung'oa mzigo.

"Sasa achia polepole. Kama unashona zipu."

Lori lilitetemeka, likashika, dereva akaachia breki, likaanza kupanda.

"Kesho nimwambie nini tajiri?" aliuliza.

"Mwambie gia achague dereva mpya."

Walivuka kilele, na kuanzia pale barabara ilikuwa tambarare hadi kwao. Gia ile iliwapeleka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Honi zilizidi, mtu akatukana dirishani. Mkono wa dereva ulikuwa kwenye kirungu, mguu wa mke juu ya klachi, na hakuna aliyesema waongeze gia.

"Kanyaga," dereva alisema walipofika getini. "Nimefika."